Umetia mashine ya Altezza kwenye MGB na gari inakusumbua? Anzia hapa kabla hujamlaumu fundi

Haya jamani, suala hili nimeulizwa mpaka nimechoka, bora niliandike mara moja. Mtu ana MGB, ile gari ndogo ya spoti ya Kiingereza, ya miaka ya sitini, kairithi kwa babu yake au kaileta kwa meli kutoka Mombasa (Mombasa ya Kenya, si ile ya hapa mjini kwetu), mashine yake ya asili ya cc 1798 imeshachoka inakula oili kama petroli, anaamua kuitoa atie 3S-GE, mashine ya Toyota Altezza, cc 1998. Si wazo baya hata kidogo. Ile ya Altezza ni silinda nne, imekaa kwa urefu na inasukuma matairi ya nyuma kama MGB yenyewe, na mtumba wake unapatikana, ukikosa Unguja unavuka Dar unaingia Kariakoo. Kazi inachukua miezi, siku ya kuwasha majirani wote wako barazani wanatazama, gari inawaka, watu wanapiga makofi, halafu wiki ya pili vitimbi vinaanza.

Nikwambie nilichojifunza kwa kuungua vidole, mara nyingi mashine yenyewe haina kosa. Kosa liko pale inaposhikana na gari kongwe, yaani waya, petroli, maji, klachi na propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma). MGB ilianza kutengenezwa 1962, mashine hiyo imekuja mwishoni mwa miaka ya tisini, hawa wawili hawajuani na weye ndiye mshenga. Ukianza kufungua mashine kutafuta kosa ndani wakati tatizo ni waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye betri) utaharibu vyote viwili.

Vitu vya kuwa navyo: mita ya umeme, geji ya presha ya petroli, na spana za aina mbili, maana MGB ni ya inchi na Toyota ni ya milimita. Usijifanye mjanja, nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia lakini inachezacheza na ukikaza kwa nguvu unakula kichwa cha bolti. Nimekula vingi.

Unapiga stata inazunguka kichovu, au inalia tik basi

Watu wanakimbilia kununua betri mpya. Subiri kwanza. MGB mpaka 1974 betri zake zilikuwa mbili za volti 6 zimeunganishwa, ziko nyuma ya viti, na siku hizi wengi wanatia moja ya volti 12 pale pale nyuma. Ethi ya betri inafungwa kwenye bodi huko nyuma, sawa, lakini mashine yako mpya imekaa juu ya mauntini za mpira na mpira haupitishi umeme. Kama hujafunga waya mnene kutoka kwenye mashine kwenda kwenye bodi, umeme wa stata utatafuta njia yake wenyewe na utaipata. Gari ya mwanzo niliyosaidia kufunga sisi tulisahau waya huo, tukapiga stata mara tatu nne, mara tunaona moshi unatoka kwenye kebo ya kukanyagia mafuta. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye kebo ile nyembamba! Plastiki yake ikayeyuka kama mshumaa.

Kupima ni rahisi. Mita weka kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha betri cha upande wa ethi, ncha nyengine kwenye chuma cha mashine yenyewe, mwenzako apige stata. Ikisoma chini ya 0.2 uko salama, ikifika nusu volti au zaidi ethi yako mbovu hata kama kwa macho inapendeza. Na huku kwetu kisiwani chumvi haina huruma, utafunga leo waya unang'aa, baada ya masika moja kumeota unga wa kijani. Kwaruza rangi mpaka chuma cheupe, funga, kisha paka grisi juu yake, si kabla.

Ukiunganisha betri tu fyuzi kuu inakatika, au altaneta inatoa moshi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa za kweli. MGB za mwanzo, mpaka kama mwishoni mwa 1967, ethi yake ni chanya. Ndiyo, umesoma sawa, upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Toyota ni hasi. Ukitia altaneta ya Toyota na kontrol boksi yake (kompyuta ya mashine) kwenye gari yenye ethi chanya, sekunde moja tu, dayodi za altaneta zimekufa na kontrol boksi inaweza ikazifuata. Rafiki yangu mmoja wa Michenzani gari yake ya 1965 ilimlia kontrol boksi namna hii, na alikuwa ameshaambiwa, lakini alitazama rangi ya waya akaona mwekundu hapa mweusi pale akasema iko sawa. Rangi usiiamini, gari ina umri wa miaka sitini imepita mikononi mwa mafundi wangapi. Pima kwa mita.

Kuigeuza yenyewe si kazi kubwa, taa na honi hazijali upande. Kinachojali ni mita ya resi ile ya Smiths, redio ya zamani kama bado ipo, na kitu chochote cha elektroniki alichoongeza mwenye gari wa zamani. Dainamo huna haja ya kuhangaika nayo maana unaitoa.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki

Kwanza kabisa, umefunga taa ya cheki injini? MGB haina, na mafundi wengi wanaiacha kwa sababu dashibodi haina nafasi. Tia hata kitaa kidogo chini ya dashibodi. Ukiwasha swichi bila kupiga stata taa iwake. Isipowaka, kontrol boksi haina umeme au haina ethi, basi usipoteze muda kufungua plagi.

Kama taa inawaka, sikiliza vizuri inawaka lini. Kuna dalili moja tamu sana: unapiga stata, inazunguka, inazunguka, haiwaki, ukiachia tu ufunguo inashika papo hapo. Hiyo maana yake umechukua umeme wa kontrol boksi kwenye waya ambao swichi inaukata wakati wa kupiga stata, kama ule wa redio. Tafuta waya ulio na umeme swichi ikiwa imewashwa NA wakati wa stata, kwenye MGB ni ule mweupe, halafu usiubebeshe mzigo wote peke yake, uutumie kuamsha rilei tu (swichi inayowashwa kwa umeme).

Imobilaiza nayo, ile kinga ya wizi inayotambua ufunguo. Ukinunua mashine na kontrol boksi bila ufunguo wake na kile kidude cha kusomea ufunguo, na gari ile ilikuwa na imobilaiza, itazunguka mpaka betri iishe na haitowaka. Ndiyo maana mimi siku zote nasema nunua mashine kutoka gari moja na waya zake zote na ufunguo, hata kama bei imezidi. Vipande vya gari nne tofauti vitakutesa.

Halafu petroli. Pampu ya asili ya MGB ni ile ya SU, inakaa nyuma na inalia tik tik tik tik, wenyewe wanaipenda sauti ile. Lakini presha yake haifiki hata psi 3, ni pampu ya kabureta. Mashine ya nozeli, inayopuliziwa petroli kwa presha, inataka kama psi 40 na kitu. Nimeona mtu kaiacha ile ile kwa mapenzi ya sauti, anashangaa mashine inakohoa tu. Dalili ni kwamba ukipuliza spreya ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa inashika sekunde mbili inazima. Funga geji, usikisie.

Na ukitia pampu ya presha kubwa ubadilishe mipira yote ya petroli utie ile ya kazi hiyo, na klipu zake. Mpira wa zamani wa kabureta kwa presha ile unapasuka, na pale chini kuna ekzosi ya moto. Hili sina mzaha nalo. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari simama, zima, toka, kisha ndiyo utafute.

Njia iliyonyooka iko safi, kwenye mzunguko inakata

Hii ni ya kuchekesha mpaka ikupate. Unakwenda Chwaka barabara imenyooka gari inaruka kama ndege, unarudi mjini, unaingia mzunguko kwa kasi kidogo, mashine inakata kama mtu kazima swichi, unanyooka inarudi. Tanki likijaa haifanyi. Maana yake tanki la MGB lilitengenezwa kwa ajili ya kabureta, na kabureta ina kibakuli chake cha petroli, ikikosa sekunde moja haijui. Nozeli hazina akiba. Petroli ikikimbilia upande mmoja wa tanki pampu inavuta hewa na presha inaanguka pale pale.

Dawa ni tanki dogo la akiba katikati: pampu ya presha ndogo inajaza tanki dogo, pampu ya presha kubwa inavuta kutoka hapo, na petroli inayorudi kutoka kwenye mashine nayo inarudi hapo. Wengine wanachomelea vibati ndani ya tanki kubwa, inafanya kazi pia ila tanki lenyewe liwe zima. Na kuchomelea tanki lililowahi kutiwa petroli si kazi ya mtu asiyejua, hata likiwa kavu, ule mvuke ndio unaolipuka.

Kama inakata njia ndefu hata iliyonyooka, baada ya dakika ishirini hivi, ukisimama kidogo inarudi, fungua kifuniko cha tanki usikilize. Ikivuta hewa fyuu basi tanki halipumui. Kama si hivyo kata filta uitazame, matanki ya gari hizi ndani yana kutu tele na pampu inaifagia yote kuileta mbele.

Resi zinapanda zinashuka ukiwa umesimama

Hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye mashine bila kupita njia yake. Mpira wa haidrovaki (kile kisaidizi cha breki), gasketi ya manifoldi, vile vipira vidogo vya vakyumu ambavyo fundi hakujua vinakwenda wapi akaviacha wazi. MGB nyingi za mwanzo hazikuja na haidrovaki, sasa kwenye mashine mpya tundu lake lipo, lizibe.

Ukishaziba zote na bado, tazama kama kontrol boksi inapata taarifa ya spidi. Spidomita ya MGB ni ya kebo, Toyota inataka sensa. Bila sensa utaona namba ya kosa P0500 na mara nyingi gari inazima pale unapopunguza mwendo kusimama, inakera kwelikweli kwenye foleni ya Darajani. Jengine, Altezza nyingi zinazoletwa huku ni za otomatiki. Ukitia giaboksi ya mkono na kontrol boksi ikabaki ya otomatiki, inatafuta waya wa kuijulisha gari iko nyutro au iko gia, haipati, inachanganyikiwa.

Inachemka

Hapa ndipo penye kelele zaidi, khasa miezi ya kaskazi. Ukinijia na gari inayochemka suali langu la mwanzo ni moja tu, inachemka LINI? Ukinijibu "inachemka tu" nakurudisha ukaitazame kwanza.

Ikichemka ukisimama na ikitulia ukienda, ni upepo. Feni. Mashine ya asili feni yake ilifungwa kwenye watapampu, sasa umetia ya umeme. Kwanza itazame inazunguka upande gani! Waya zikigeuzwa feni inazunguka kinyume, inasukuma hewa mbele kupambana na upepo unaoingia, na kwa macho huoni tofauti. Chukua karatasi weka mbele ya rejeta, ivutwe ikanate. Ikirushwa, geuza. Pili pima volti kwenye plagi ya feni yenyewe ikiwa inazunguka, ukikuta 10 na betri ina 14, waya wako mwembamba. Feni bila kava ya kuikusanya hewa nayo inapoza duara lake tu, pembe zote za rejeta hazina kazi.

Ikichemka ukiwa mwendo na ikisimama inatulia, hapo feni haihusiki. Ni maji hayazunguki ya kutosha au rejeta ndogo au imeziba. Shika mpira wa chini wa rejeta utazame mwenzako akipiga resi, ukinywea kama mrija wa juisi basi umechoka au hauna springi ndani. Na kuna kosa la MGB khasa: rejeta yake inashikwa na bati zima linaloziba upande kwa upande, na ili mashine mpya ienee watu wanalikata. Basi hewa ikija mbele inaona njia rahisi pembeni inapita zake, rejeta inabaki inatazama. Ziba mapengo yote hata kwa bati la debe.

Ikipanda ghafla dakika za mwanzo, mshale unaruka juu unashuka, hiyo ni hewa imenasa. Boneti ya MGB iko chini, rejeta unaishusha ili ienee, kichwa cha mashine kinabaki juu kuliko mdomo wa rejeta, hewa itakwenda wapi kama si kichwani? Inua pua ya gari kwa jeki, jaza maji kupitia sehemu ya juu kabisa, iache iwake mpaka temostati (kilango cha maji kinachofuata joto) ifunguke na mpira wa chini uwe moto, ongeza. Mara mbili tatu.

Sasa hili ni letu sisi watu wa joto. Hita. Nani Unguja anawasha hita? Basi fundi anaitoa, anaziba zile njia mbili za maji kwa bolti na klipu. Usizibe! Njia ile inasaidia maji kuzunguka wakati temostati imefunga, ukiiziba maji yanasimama, kichwa kinapata moto na temostati haijui chochote. Chukua mpira mmoja uziunganishe njia mbili zile, ndani kwa ndani, umemaliza.

Na temostati yenyewe muiache. Najua kila gereji dawa ya kwanza ni kuitoa, "huku joto haina kazi". Ukiitoa mashine haifiki joto lake kwenye mwendo, kontrol boksi inadhani ni asubuhi kila wakati, inamwaga petroli, na weye unalia gari inakunywa.

Maji ya kisima pia basi. Kisiwa hiki kiko juu ya matumbawe, maji yetu yana chokaa, tazama tu sufuria ya chai. Chokaa ile ile inajenga ndani ya rejeta na kichwa cha aluminiamu. Tia kulenti (dawa ya rejeta) na maji yaliyochujwa ya betri.

Kama umefanya yote na unaona mapovu hayaishi kwenye rejeta mashine ikiwaka, mpira unakuwa mgumu kama jiwe asubuhi kabla haijapata moto, hapo ni gasketi ya kichwa, mashine ya mtumba ilishachemka huko ilikotoka. Ndiyo maana kompresheni inapimwa kabla ya kulipa. Kwa kujaribu kama umepona mimi napenda barabara ya Chake kwenda Wete kule Pemba, milima juu chini juu chini. Unguja tambarare inaficha makosa.

Harufu ya plastiki

Dainamo ya MGB za mwanzo ilitoa ampea 22 tu na waya zake zilipigiwa hesabu hiyo. Altaneta ya Toyota inatoa mara tatu hata nne. Ukiipitisha kwenye waya ule ule wa kahawia wa zamani unaupika. Toa waya mpya mnene kutoka altaneta mpaka betri, na fyuzi yake kubwa. Zile MGB za mwanzo zina fyuzi mbili tu gari zima! Mbili. Pampu, feni, kontrol boksi, koili, kila kimoja kipe rilei na fyuzi yake kwenye boksi jipya, la zamani liache lishughulike na taa na waipa.

Gia hazingii, au zinaingia kwa kelele

Klachi ya MGB ni ya maji ya breki, silinda yake ya juu ina kipenyo cha robo tatu ya inchi, kama milimita 19. Slevu ya Toyota, yaani silinda ya chini inayosukuma uma wa klachi, ina kipimo chake. Ikiwa slevu ni pana zaidi, pedali inakuwa laini raha mustarehe, lakini uma hausogei vya kutosha na klachi haiachii. Pima kwa rula uma unasogea kiasi gani mtu akikanyaga mpaka chini, linganisha na unaosogea kwenye Altezza. Usikazie kulaumu giaboksi.

Asubuhi inaingia, mchana joto likishika inagoma? Tazama bomba la klachi linapita wapi. Likiwa karibu na ekzosi maji yake yanachemka. Vile vile kama ekzosi ya mashine mpya imeangukia upande wa usukani, ikinge shafti ya usukani, mpira wa krosi yake unakauka.

Inatetemeka

Ikitetemeka kwenye resi fulani hata ukiwa umesimama, mashine inagusa bodi mahali, au mauntini ni ngumu mno. Pita chini na tochi, tazama sampo (bakuli la oili) na krosmemba (chuma kinachokata gari upande kwa upande), ekzosi na sakafu. MGB za kabla ya 1967 mwishoni handaki la giaboksi ni jembamba, giaboksi ya Toyota inakwaruza pembeni.

Ikitetemeka kwenye spidi fulani, ukikanyaga klachi ukaiacha iteleze na bado inatetemeka, ni propela au matairi. Propela iliyokatwa na kuchomelewa lazima ipimwe mizani. Na pembe, hapa mafundi wengi wanakisia: uso wa giaboksi na pua ya difu (boksi la gia la eksili ya nyuma) viwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja hivi, simu yako ina programu ya kupimia, iweke hapo usome. Mashine ikishushwa nyuma ili boneti ifunge, pembe zinaharibika bila mtu kutambua.

Kong! ukiachia klachi

Difu. Ile ya MGB ilikuwa inabeba nguvu za farasi kama 95, weye umempa 200. Mara nyingi si meno, ni zile washa za ndani zilizolika, bei yake ndogo. Ila ukiendelea kuachia klachi kwa fujo Forodhani ili watoto wapige picha, eksili itakujibu.

Mita zinasema uongo

Mita ya resi ya zamani inasoma umeme wa koili moja. Sasa una koili nne, kila plagi na yake, lazima ibadilishwe ndani isome waya wa resi wa kontrol boksi, vyenginevyo itakaa sifuri au itacheza ngoma. Mita ya oili ya MGB ni ya bomba, oili yenyewe inakuja mpaka dashibodi, na tundu la Toyota ni nyuzi za BSPT (kipimo cha Kiingereza), 28 kwa inchi. Madukani watakupa adapta ya NPT (kipimo cha Kimarekani), nyuzi 27, inaingia mizunguko miwili mitatu unaona sawa. Ukiona oili inadondoka hapo usiikaze zaidi, utapasua aluminiamu. Itoe, kaitafute ya 28.